Banza Anatapika Maji

Juzi kijana mmoja anayeuza moteri za mashua karibu na gare ya treni, moteri za Kichina zilizopangwa juu ya saruji kama miche ya sabuni, aliniuliza: "Papa Injenieri, siri ya kuuza iko nini?" Nikamwambia siri ni kunyamaza. Alicheka akidhani namtania, kisha akaendelea kusema peke yake mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akaenda zake. Nimeona heri niandike. Nikiandika, hakuna wa kunikatiza.

Mimi nilikuwa injenieri wa kuuza mashini za mashua, na makao yangu yalikuwa hapa hapa Kamina. Najua mnacheka. Kamina, mji ambao mama anaamka kabla ya jogoo kutafuta ndoo ya maji. Shemeji yangu alikuwa akinitambulisha kwa wageni hivi: "Huyu iko na kazi ya bahari. Bahari yenyewe tunaingojea, itakuya na treni." Na kweli kila kitu kilikuja na treni. Mashini zilitoka Lubumbashi, zikapita Bukama penye mto na bandari, zikaja kushushwa Kamina kwenye depo ya kampani, kisha mimi nikazipakia tena kuzirudisha Bukama. Niliwahi kumuuliza mkubwa wangu kwa nini. Akasema ofisi iko Kamina. Sikuuliza tena, maana nilikuwa na watoto wa kulisha.

Injenieri wa kuuza si muuzaji, wala si fundi. Muuzaji anakuambia unachopenda kusikia. Fundi anakuja ukiwa umekwisha kulia. Sisi tulipaswa kukaa katikati: kuangalia mashua ya mtu, mzigo wake na maji yake, kisha kumwambia, "Weye, mashini yako njo hii," hata kama ameshapenda ingine kwa rangi yake. Na mashini ikikataa kazi baadaye, anayeitwa ni wewe, si yule aliyeiunda huko Ulaya.

Kosa langu la kwanza lilikuwa Mulongo. Mwenye mashua alitaka nguvu, nikampa nguvu. Kila mtu pale aliuliza mashini ina farasi ngapi, kama vile farasi waliwahi kufika Mulongo. Nilifunga mashini kubwa kwenye mashua nyembamba ya mbao, nikaiwasha mbele ya kijiji kizima, nikaifungulia mafuta mpaka mwisho ili nionekane mwanaume. Mashua ikanyanyua pua. Kisha misumari ya nyuma ikaanza kutoka, na maji yakaingia taratibu, kwa heshima, bila kelele. Mama mmoja aliyekuwa amepanda pamoja nasi na sufuria ya maharagi ya kuuza aliyamwaga maharagi yote mtoni ili tupate chombo cha kutolea maji. Tulifika ukingoni tumelowa mpaka kifuani. Mpaka leo nikitajiwa Mulongo sikumbuki samaki, nakumbuka maharagi.

Aliyenitoa katika ujinga huo ni Papa Lenge, injenieri aliyefanya kazi hii kabla yangu. Alikuwa mfupi, mwenye hasira za karibu, na hakukubali mtu azungumze bei kabla ya kula. "Hauuze mashini," aliniambia. "Unauza usingizi. Mwenye balenyeri akilala na bibi yake bila kuwaza mashini, pale umeuza." Balenyeri ni ile mashua kubwa ya mbao ya kubeba watu na mizigo. Papa Lenge alinifundisha kuweka kiganja kwenye mbao za nyuma kabla ya kufungua kitabu chochote cha bei. Alinifundisha kumuuliza mteja, si anakwenda na nini, bali anarudi na nini. Kwenda, kila mtu anakwenda, mto unamsaidia. Kurudi kupandisha maji na unga na chumvi na wakwe, hapo ndipo mashini inapojulikana.

Na mnisikilize juu ya matete. Ziwa Kisale si maji peke yake, ni majani yanayotembea. Leo njia iko hapa, kesho kisiwa cha majani kimekuja kulala juu yake. Ukimuuzia mtu wa Kinkondja mashini yenye mdomo mdogo wa kuvutia maji ya kupoza, umemuuzia taabu, maana tope na nyuzi za majani zitaingia, na kile kigurudumu cha mpira ndani ya pampu kitasagika. Chukua oli ya mashini kidogo kwenye vidole uisugue. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yamekwisha kuingia ndani, usimwambie mwenye mashini "tutaangalia". Mwambie ukweli siku hiyohiyo. Nawaona vijana mnapima moteri kwa kusikiliza kelele yake tu, kama mnachagua redio.

Sasa nifike kwenye foni, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Nyinyi mna simu mfukoni. Sisi tulikuwa na foni, ile redio ya kuitana kutoka mji mpaka mji. Kamina, ile niliyotumia mimi ilikuwa ndani ya duka la Baba Ramazani, mfanyabiashara wa Kiislamu ambaye babu zake walishuka kutoka Maniema na biashara ya zamani. Aliuza chumvi, vitenge na betri, na nyuma ya pazia alikuwa na foni yake. Kinkondja pia mfanyabiashara mmoja alikuwa nayo. Unasema, unangoja, mwenzako anajibu, na sauti inakuja kama mtu anakaanga vitunguu. Jina la kipande cha mashini kwa Kifaransa lilikuwa halifiki. Niliwahi kumpelekea mtu pampu ya oli wakati analilia pampu ya maji. Na namba zilizochongwa kwenye mashini ndiyo usiseme, zilikuwa zinapotea njiani zote.

Basi nikatunga lugha. Niliionea fahari sana. Nikawaambia wateja wangu wote wa maziwani: mashini ni mwili. Ikipata moto kupita kiasi, semeni ana homa. Ikitoa moshi na kukatakata, semeni anakohoa. Oli ikipungua, hana damu. Pampu ya maji ikifa, semeni anatapika maji, ao maji inamuisha, yaani maji yanamwishia mwilini. Na kile ninachopaswa kuleta ni dawa: dawa ya kikohozi, dawa ya damu, dawa ya maji. Ugonjwa kila mtu anaujua, hata akisikia nusu ya neno anamalizia mwenyewe. Tena badala ya namba, kila mashini ipewe jina la mtu. Siku za kwanza wateja wa duka la Baba Ramazani walishangaa. Bibi mmoja aliyekuja kununua chumvi alisikia kwamba Kalenga wa Mulongo anakohoa moshi mweusi na kuzimika akipanda mto. Kesho yake aliniletea majani ya kuchemsha. Nilimshukuru, nikayanywa mimi.

Lugha yangu ilifanya kazi, na lazima niseme hivyo, nisijipake matope kupita kiasi. Nilikuwa nafika na kipande kilekile kinachohitajika, na watu walisema Injenieri anamjua mgonjwa kabla ya kumwona. Nilipenda kusikia hivyo. Mkubwa wangu Lubumbashi alitaka mainjenieri wengine waige.

Katika wateja wangu wote, Banza wa Kinkondja ndiye aliyekuwa rafiki. Alikuwa na balenyeri ya kupeleka samaki mkavu Bukama na kurudi na unga na watu. Mrefu, sauti nene, mtani wa kupindukia. Mkewe aliitwa Mama Senga, mwanamke wa maneno machache, na yeye ndiye aliyeshika akili ya ile biashara. Siku tulipofunga mashini yao, nikawaambia waipe jina. Sisi Baluba hatutoi jina hivihivi tu, jina linakuja na mwenyewe aliyelibeba. Banza alitaka kuipa jina la baba yake marehemu. Mama Senga akakataa.

"Hapana," alisema. "Kila mara mashini ikikufa, tuseme baba mukwe amekufa? Tutamulilia mara ngapi?"

"Basi itwae jina yangu," Banza akasema. "Minyi niko muzima. Siku mutasema Banza amekufa, nitakuwa pale pembeni nacheka."

Tulicheka wote, hata Mama Senga. Nikaandika kwa rangi nyeupe kwenye kifuniko: BANZA. Kuanzia siku ile mtani yule hakunipa nafasi ya kupumua. Nikienda kwa Baba Ramazani naambiwa: Banza anamusalimia Injenieri, na Banza pia anamusalimia. Ao: Banza iko na kiu, kuya na dawa. Hiyo maana yake nikija nilete bia. Baba Ramazani, ambaye hakunywa, alinipa ujumbe wa namna hiyo akiwa ameshika pua. "Mgonjwa wako yule wa chupa," alikuwa akisema.

Mtaniuliza: mtu na mashini havikuchanganyika? Hapo ndipo pananiuma. Kiswahili cha kitabu, kile mapadri walichotupigia fimbo shuleni, kinampa mtu sauti yake na kitu sauti yake. Mtu yuko, mashini iko. Lakini sisi Katanga tunasema iko kwa wote. Muntu iko, mbuzi iko, mashini iko. Juu ya hapo, kwa utani wetu, mashini tulizipa maneno ya watu: anakula, analala, anatapika. Kile kipande kidogo cha lugha ambacho kingeweza kunistua, sisi wenyewe tulikuwa tumekwisha kukitupa. Wakati ule niliona ni uzuri.

Kisha vita. Vita vya kwanza vya hapa kwetu vilipopita, askari waliokuwa wanakimbia walitwaa mashini kwenye mashua za watu kama mtu anayechuma mapapai. Niliwafundisha wateja kuzificha: kumwaga oli ndani ya silinda, kuziba kila tundu kwa grisi na kitambaa, kisha kuzika mashini chini ya tanuri la kukaushia samaki, ambako hakuna askari anayependa kuchimba kwa sababu ya harufu. Mashini ya Banza ilipona hivyo. Vita vya pili vilikuwa vibaya zaidi, maana vilikuja vikakaa. Mstari wa mapigano ulisogea kuelekea maziwa, barabara zikafungwa, na foni zote za wafanyabiashara zikawekewa mlinzi wa kusikiliza.

Siku moja mtu wa usalama aliniita. Alikuwa amesikiliza mazungumzo yangu kwa muda, naye alitaka kujua Kalenga ni kanali wa upande gani, na kwa nini kila juma ana homa. Nilieleza mpaka mate yakakauka. Mwisho nikampeleka depo, nikawasha mashini moja bila maji, nikamwambia aweke kidole. Akakiweka. Aliunguza kidole na akaniamini papo hapo. Lakini kuanzia siku ile tulipewa amri: ujumbe unasemwa mara moja, unasikilizwa mara moja, hakuna kuulizana maswali kwenye foni. Kuulizana kulifanana na mafumbo ya adui. Nami nikaona hakuna shida, lugha yangu haihitaji maswali.

Ujumbe wa Banza ulikuja wakati mvua zilikuwa zimekaza. Baba Ramazani alivuka barabara yeye mwenyewe, kanzu imekusanywa mkononi asiichafue, akanikuta depo nafunga makasha.

"Injenieri, Banza wako anatapika tena."

"Wamesemaje?"

"Mama Senga ndiye aliyesema. Banza iko anatapika maji. Maji inamuisha. Kuya mbio na dawa ya maji."

"Leo bibi ndiye anashika foni," nikasema. "Ujue bwana amechafuka grisi mpaka masikioni, hana mkono safi."

"Ao mashini imemtapikia usoni," Baba Ramazani akasema.

Tukacheka. Nataka mjue kwamba tulicheka, wazee wawili wenye akili zao, kati ya makasha, mvua inapiga bati.

Aliyekuwa anatapika alikuwa Banza mtu. Kolera, kipindupindu, ilikuwa imeingia Kinkondja, kama inavyoingia mara kwa mara kule maziwani, na safari hii ilikuta zahanati haina kitu, maana waliopita na silaha walikuwa wamechukua hata magodoro. Muuguzi alimwambia Mama Senga kwamba bila serumu, yale maji ya dawa yanayoingizwa kwenye mshipa, hana la kufanya ila kumnywesha maji ya chumvi na sukari. Mama Senga akakimbilia foni. Pale foni kulikuwa na askari, na mkuu wao alikuwa amekataza neno kolera lisitajwe hewani, akiogopa vijana wake watatoroka. Akapewa nafasi ya kusema mara moja. Akatafuta maneno ambayo askari hatayakataa na mimi nitayaelewa. Akayapata, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimempa.

Haya yote niliyajua baadaye. Siku ile nilifungua droo, nikatoa kigurudumu cha mpira, pakiti ya gasketi na mkebe wa grisi, nikavipanga kwenye kijisanduku, nikajisifu kwamba nimemaliza kazi ya Kinkondja nikiwa Kamina. Kutoka mlango wa depo nilikuwa naona paa la hospitali. Ndani yake kulikuwa na serumu. Sista aliyetunza dawa alinifahamu vizuri, nilikuwa nimemtengenezea jenereta ya chumba cha upasuaji, na mara mbili tatu aliniambia nikiwa na shida nisione haya. Ningeomba kasha zima angenipa. Hili silisemi kwa kubahatisha. Nilimwuliza baadaye, akasema ndiyo, kisha akanigeuzia mgongo kwa sababu alikuwa analia.

Treni haikuja siku ile, wala iliyofuata. Vichwa vya treni vilichukuliwa kubeba askari. Kulikuwa na vijana wa baiskeli, wale wanaosukuma mizigo ya samaki kwa njia za porini mpaka maziwani, na wengine walikuwa bado wanapita, vita au si vita. Mtu anayejali angewapa mzigo, ao angepanda nyuma yao. Lakini nani ahatarishe roho ya kijana kwa kigurudumu cha mpira? Nikasema mashini haiozi, itangoja. Nilikwenda hata kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani, nikala, nikacheza. Mwili huu ulicheza, nami sijui nitauambia nini.

Treni ilipopatikana, ilitufikisha Luena ikalala pale kwa kukosa mafuta. Tulikaa kwenye vumbi jeusi la makaa ya mawe ya mgodi wa zamani, tunakula mahindi ya kuchoma. Abiria mmoja alikuwa analalamika sana, ana mgonjwa mbele. Mimi ndiye niliyemtuliza. Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Alinitazama akahama benchi.

Kolera haingoji, madaktari wameniambia hivyo, na wengine wamenifariji kwamba hata ningekimbia nisingefika. Inawezekana. Lakini Banza alingoja. Muuguzi alimnywesha yale maji ya chumvi na sukari usiku na mchana, akapata nafuu, akaanguka tena, akapata nafuu tena. Kila asubuhi aliuliza kama Injenieri amefika. Alikuwa na hakika kabisa, ndivyo muuguzi alivyoniambia. Wengine pale walikuwa wanakata tamaa, yeye aliwaambia dawa iko njiani.

Vijana, wazee wetu wanasema kuuliza si ujinga. Amri ilikataza kuuliza kwenye foni, sawa. Haikunikataza kuketi chini nikajiuliza mwenyewe kwa nini mwanamke asiyependa maneno amesema "mbio". Kwa mashini hawakuwahi kuniambia mbio. Lakini mimi nilikuwa bwana wa ile lugha, na bwana wa lugha anaona haya kukiri kwamba hajaelewa. Watu wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekwisha kuota mvi. Sasa mnapokea picha ya kipande kilichovunjika kwenye simu, mnajibu kwa kidole gumba kilichoinuliwa, mnadhani mmesikilizana. Mpigieni mtu. Mwambieni: nieleze tena, minyi sijasikia. Mkionekana wajinga, ni afadhali.

Nilifika Bukama asubuhi yenye ukungu. Nikashuka mpaka bandarini na kijisanduku changu begani, nikakikalia, nikangoja mashua yoyote ya kwenda Kisale. Bado sikuwa najua kitu. Nikasikia mashini inakuja kutoka kwenye kona ya mto. Mashini niliyoifunga mwenyewe naijua kwa masikio, na ile ilikuwa ya Banza. Ilikuwa inapumua vizuri mno. Mapigo sawasawa, haina kikohozi, na balenyeri ilipotokeza nikaona ubavuni maji ya kupoza yanaruka nje kwa nguvu, safi. Pampu haikuwa na ugonjwa wowote. Nilifurahi, nawaambia ukweli. Nilifurahi, na pia niliudhika kidogo kwamba nimesafiri bure.

Aliyeshika usukani alikuwa mdogo wake Banza. Mama Senga alikuwa ameketi mbele, kitambaa cheusi kichwani, kati ya magunia matupu. Walikuwa wamekuja kutafuta unga wa kilio. Kitambaa nilikiona, lakini mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka.

"Mama Senga," nikasema, "naona Banza amepona mbele ya munganga kufika."

Mdogo wake Banza akazima mashini. Mashua ikaja yenyewe mpaka ikagusa ukingo.

"Tulimuzika juzi," Mama Senga akasema.

"Nani?"

Ndilo swali lenyewe. Nililiuliza Bukama, kwenye matope, nimesimama.

Mama Senga alitazama kijisanduku. Akasema, "Fungua." Nikafungua. Alitoa kile kigurudumu cha mpira, akakigeuza mkononi upande huu na upande huu, akakirudisha mahali pake na kufunga kifuniko vizuri. Mdogo wake Banza alikuwa ameangalia upande wa pili wa mto.

"Tulisema sawa vile weye ulitufundisha," Mama Senga akasema.

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua pa kuishika. Nilianza kueleza, foni, askari, treni, nikasikia ninavyosikika, nikaacha. Yeye alishuka, akaenda sokoni na magunia yake, akarudi na unga, akaupanga. Kisha akanisogezea nafasi kwenye ubao, maana kilio kilikuwa kinaendelea na mimi nilikuwa rafiki wa marehemu.

Nikapanda. Mdogo wake Banza akawasha, ikawaka mara moja. Niliketi karibu nayo, na ilipumua vizuri mpaka Kinkondja.